Kamera inapofika Manyoni: kazi ya idara ya burudani katika televisheni ya mkoani

KWA mtazamaji aliyeketi sebuleni jioni, kipindi cha burudani cha nusu saa ni jambo jepesi. Ngoma inalia, akina mama wanacheza, mtangazaji anatabasamu na kutaja jina la kijiji, kisha linakuja tangazo la sabuni. Ni wachache wanaojiuliza ni watu wangapi walisimama nyuma ya picha ile, na ni wachache zaidi wanaojiuliza kama mama aliyepiga ngoma alipata chochote.

Makala haya yanaeleza kazi ya idara ya vipindi vya burudani katika televisheni yenye makao yake mkoani, mbali na Dar es Salaam. Wilaya itakayotuongoza ni Manyoni, mkoani Singida, mahali ambapo reli ya kati inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Saranda, na ambapo Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu na wafugaji waliohamia kutoka mikoa mingine wanaishi jirani. Wilaya ya namna hiyo ina utajiri mkubwa wa ngoma na nyimbo. Kwenye ratiba za televisheni, hata hivyo, huonekana mara chache, na sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua idara hiyo inavyofanya kazi.

Kwanza historia, japo kwa ufupi. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati upande wa Bara Serikali iliiona televisheni kuwa anasa na kuelekeza nguvu zake katika Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi. Mwaka 1994 ITV ikaanza kuonekana Dar es Salaam, na Televisheni ya Taifa, TVT, ikazinduliwa mwaka 2000.

Sheria ile ya 1993 ilimwekea mtangazaji binafsi mpaka: matangazo yake yasifike zaidi ya robo ya nchi. Hapo ndipo wazo la televisheni ya mkoa lilipopata nguvu. Mwanza ikapata Star TV, chini ya kampuni ya Sahara ya Anthony Diallo iliyokuwa pia na Radio Free Africa, na Morogoro ikapata Abood TV. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imeendelea kutoa leseni za maudhui kwa ngazi tofauti, kuanzia taifa hadi wilaya na jamii.

Kisha kikaja king'amuzi. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Katika mfumo wa dijitali, mwenye vipindi halazimiki kuwa na mnara wake. Anavipeleka kwa kampuni yenye leseni ya kusambaza mawimbi, na mwanzoni kampuni hizo zilikuwa tatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Matokeo yake ni kwamba kaya moja ya Manyoni yenye king'amuzi inaweza kutazama kituo cha Mwanza na cha Dar es Salaam kwa kubofya tu. Picha zimesogea karibu na Manyoni, lakini wapiga picha wako mbali vile vile.

Mtu mmoja, kazi tatu

Katika kituo kikubwa, kila kazi ya kipindi ina mtu wake. Yupo mtayarishaji, ambaye ndiye mwenye kipindi na atakayeulizwa kikiharibika. Yupo mwongozaji, anayeamua kamera ielekee wapi na lini. Wapo wapiga picha, fundi sauti, fundi mwanga, mtangazaji, mhariri wa picha, na msimamizi wa maktaba anayepokea kanda au faili zikishakamilika. Juu yao kuna mkuu wa idara, ambaye sehemu kubwa ya siku yake hupita katika mabishano na watu wa masoko kuhusu mdhamini.

Mkoani hali ni nyingine. Mtayarishaji ndiye mwongozaji, na mara nyingi ndiye anayekaa usiku kuhariri. Mpiga picha anasikiliza sauti kwa sikio moja huku jicho likiwa kwenye kamera. Dereva hushika ubao mweupe wa kuakisi mwanga, na dereva mzuri huijua kazi hiyo kuliko mwanafunzi aliyetoka chuoni jana. Hili si jambo la kuchekwa. Vipindi vingi vilivyopendwa na Watanzania vilianza katika mazingira ya namna hiyo, vikiwa na watu wachache na kamera moja au mbili.

Mwanza wanakumbuka Futuhi, kipindi cha vichekesho kilichorushwa na Star TV na kuwafanya wasanii wa Kanda ya Ziwa wajulikane nchi nzima bila kuhamia Dar es Salaam. Kabla yake, ITV ilikuwa imeonyesha uwezo wa mchezo wa kuigiza wa kila wiki kupitia kundi la Kaole, ambako walipita wasanii kama Steven Kanumba na Vincent Kigosi kabla ya kuingia kwenye filamu. Kundi la vichekesho likishazoeana na kituo, gharama yake hushuka: wasanii ni wale wale, nguo ni zile zile, na eneo la kupigia picha liko hatua chache kutoka ofisini.

Kitu cha bei nafuu zaidi katika ratiba ya burudani ni video ya muziki. Msanii wa Bongo Fleva huilipia mwenyewe, huileta mwenyewe, zamani kwenye kanda au DVD na baadaye kwenye flashi au kwa intaneti, na hurudi kuulizia itapigwa saa ngapi. Kwaya nazo hufanya hivyo hivyo. Kituo kinachotaka kujaza saa 2 za mchana kinaweza kufanya hivyo bila kuwasha gari.

Ngoma ya asili haina promota. Kundi la muheme la kijiji fulani karibu na Kilimatinde haliwezi kujirekodi kwa ubora unaotakiwa, halina meneja wa kupiga simu studio, na halina albamu ya kutangaza. Ili lionekane, ni lazima kamera iende. Na kamera ikienda, gari linakunywa mafuta, watu wanalala nyumba ya wageni, posho zinahesabiwa. Kutoka Mwanza hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 500 za barabara kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Mkuu wa idara akipewa hiari kati ya safari hiyo na video 8 zilizoletwa bure mezani kwake, hatuhitaji kubashiri atachagua nini. Ndiyo maana ratiba ya televisheni ya mkoani inaweza kujaa nyuso za Dar es Salaam, na wala si kwamba wahusika wanawadharau watu wa Manyoni.

Safari ya siku mbili

Tuchukulie kwamba mdhamini amepatikana na safari imeidhinishwa. Kazi huanza wiki kadhaa kabla ya gari kuondoka. Mtayarishaji makini humtafuta kwanza Afisa Utamaduni wa halmashauri, kwa sababu huyo ndiye anayejua vikundi vipi viko hai na vipi vimebaki jina tu. Kupitia kwake hufikiwa mtendaji wa kijiji, na kupitia mtendaji hufikiwa wazee. Barua ya utambulisho na kibali cha kupiga picha ni mambo ya lazima. Mazungumzo na wazee hayana fomu, lakini yakirukwa, fomu zote nyingine hazitasaidia.

Wazee ndio watakaosema kipi kinaonyeshwa hadharani na kipi hakionyeshwi. Miongoni mwa Wagogo zipo nyimbo za jando ambazo si za masikio ya kila mtu, na timu inayowasha kamera bila kuuliza inaweza kurudi na picha nzuri ambazo haina haki ya kuzirusha. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo idara nyingi hupimwa. Si vigumu kupata kijana wa kijiji atakayekubali kuimba chochote mbele ya kamera kwa kupewa fedha kidogo. Baada ya hapo yeye ndiye anayebaki na lawama kijijini, wakati gari limeshavuka Singida.

Majira nayo huamua. Manyoni ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili. Wakati wa kulima na kupalilia, watu hawana nafasi ya kucheza kwa ajili ya televisheni, na barabara za ndani huteleza. Baada ya mavuno ya mtama na uwele, kuanzia Juni, watu wana nafasi na chakula kipo, na ngoma huchezwa kwa sababu zake zenyewe. Ubaya wa miezi hiyo ni upepo na vumbi. Vumbi huingia kwenye lenzi na kwenye sehemu za kamera, na upepo unaovuma kwenye kipaza sauti kisichofunikwa hutoa mngurumo ambao hakuna mhariri atakayeuondoa.

Jua ni tatizo lingine. Manyoni iko chini kidogo ya nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyuso huwa na vivuli vyeusi machoni, na ardhi nyeupe iliyo nyuma inang'aa kupita kiasi. Wenye uzoefu hupiga picha kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 9 alasiri. Katikati ya hapo hufanya mahojiano chini ya mbuyu au kivulini mwa nyumba, au hulala.

Kanuni moja ya studio huvunjika kabisa uwanjani: ngoma haiwezi kuambiwa irudie. Mchezaji wa filamu hurudia mara 10 hadi mwongozaji aridhike. Muheme, ambayo huchezwa na wanawake wakiwa wamebana ngoma zao kati ya miguu huku wakizipiga na kusogea, hupanda taratibu na kufika mahali ambapo wachezaji wenyewe wamesahau kwamba wanatazamwa. Dakika hizo ndizo kipindi. Mwongozaji anayesimamisha uchezaji kwa sababu betri imekwisha atapata marudio yaliyo sahihi kwa kila hatua na yasiyo na uhai. Kwa sababu hiyo kamera mbili ni bora kuliko moja nzuri: moja isimame mbali na isizimwe kabisa, nyingine ifuate mikono, miguu na nyuso. Kofi moja linalopigwa mbele ya kamera zote mbili mwanzoni humsaidia mhariri kuzioanisha baadaye.

Sauti

Sauti inastahili nafasi kubwa zaidi katika makala haya, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtazamaji husamehe picha yenye mtikisiko. Hasamehi wimbo usiosikika.

Muziki wa Wagogo ni mgumu kurekodi kwa sababu vyombo vyake havilingani nguvu. Njuga za miguuni na ngoma husikika mbali, wakati zeze na ilimba ni vyombo vya karibu, vilivyotengenezwa kwa watu walioketi pamoja. Kipaza sauti kilichowekwa juu ya kamera, mita 6 kutoka kwa wachezaji, kitaleta kishindo cha miguu na makelele ya watoto, na ilimba itakuwa kama haikuwepo. Njia ya kawaida ni kuweka kipaza sauti kimoja kwa waimbaji, kingine karibu kabisa na chombo laini, na kuviacha vishindo vijiingilie vyenyewe, maana vitaingia tu.

Ilimba ina mtego wake kwa fundi mgeni. Ni sanduku la mbao lenye ndimi nyingi za chuma zinazopigwa kwa vidole, na kwenye tundu lake hubandikwa utando mwembamba wa buibui unaofanya kila sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Mvumo huo umewekwa kwa makusudi. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma imepungukiwa. Fundi aliyezoea gitaa la studio anaweza kudhani waya wake umekatika, akabadilisha kipaza sauti mara mbili, na mwishowe akausafisha mvumo ule kwa kompyuta na kujivunia usafi wa kazi yake.

Waliowahi kuurekodi muziki huu kwa uangalifu walijua hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi, pamoja na wengine, wanamuziki wa Kigogo. Rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Miongo kadhaa baadaye Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi na kufundisha Bagamoyo, aliupeleka muziki huo kwenye majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Zawose alifariki dunia Desemba 2003. Kijana wa Manyoni anayetaka kusikia jinsi babu zake walivyoimba mwaka 1950 ana uwezekano mkubwa wa kusaidiwa na maktaba iliyoko nje ya nchi kuliko na kabati la kituo chochote cha televisheni. Hilo tutalirudia.

Mezani kwa mhariri

Timu inarudi. Mhariri anapokea saa kadhaa za picha na anatakiwa kutoa dakika zipatazo 24, kwa kuwa nusu saa ya televisheni huwa na nafasi ya matangazo ya biashara. Anachagua. Kila anachokiacha hakitaonekana, na mara nyingi hakitahifadhiwa.

Suala la lugha linaingia hapa. Kanuni za maudhui ya utangazaji za mwaka 2018 ziliwataka wenye leseni kutumia Kiswahili au Kiingereza katika matangazo yao. Nyimbo za asili, hata hivyo, zinaimbwa kwa Kigogo, Kinyaturu au Kikimbu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayedai zitafsiriwe kabla ya kuimbwa. Kinachofanyika ni mtangazaji kueleza kwa Kiswahili wimbo unahusu nini. Ni njia halali, lakini yote hutegemea kama mtangazaji mwenyewe ameuelewa. Wimbo unaomsema mkwe bahili au unaomlilia aliyefia safarini hugeuzwa kuwa "wimbo wa kukaribisha wageni", kwa sababu ndilo jibu jepesi walilopewa wageni na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Dawa yake ni rahisi: mzee mmoja au mwalimu wa kijijini aketi na mtayarishaji jioni ile ile, wasikilize tena, na maneno yaandikwe pamoja na maana yake. Maandishi ya tafsiri chini ya picha hugharimu muda wa mhariri tu.

Ipo pia tabia ya kuikata ngoma kuwa vipande vya dakika 2 au 3 vya kujazia nafasi kati ya vipindi. Vipande hivyo havitajwi jina, wala kijiji. Mtazamaji huviona miaka na miaka hadi akavizoea kama anavyozoea pambo la ukutani. Pengine kipande kilekile kimemwonyesha mtu ambaye sasa ni marehemu, na familia yake humwona akicheza kila jioni kabla ya taarifa ya habari bila kujua picha ile ilipigwa lini.

Nani mwenye ngoma?

Hapa ndipo pana uzito wa jambo zima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwenye kutumbuiza kuwa na haki juu ya utumbuizaji wake: kuurekodi na kuurusha hewani kunahitaji ridhaa yake. Mbali na hilo, sheria hiyo ina sehemu maalumu inayolinda sanaa za jadi, yaani ngoma, nyimbo, hadithi na kazi za mikono ambazo hazina mtunzi mmoja bali ni mali ya jamii. Anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini, na mamlaka iliyotajwa kwa kazi hiyo ni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Ni sheria nzuri, na wengi wa wanaohusika hawajawahi kuisoma. Kwa msanii wa Bongo Fleva njia iko wazi kiasi: wimbo unasajiliwa, na mirabaha inapokusanywa jina lake lipo. Mabadiliko ya mwaka 2022 yaliifanya COSOTA kuwa Ofisi ya Hakimiliki na kuacha kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha kwa kampuni maalumu. Kikundi cha ngoma kisicho na usajili, kisicho na akaunti ya benki na ambacho wimbo wake hauna mtunzi mmoja, hakimo katika orodha yoyote. Kinachokifikia ni kile kilichotolewa siku ile ya kupiga picha: posho kidogo, soda, labda kreti moja kwa wote.

Je, kituo kidogo kinachohangaika kulipa umeme kitamlipa kila mpiga muheme? Swali hilo huulizwa kila mara, na si la kubeza. Lakini kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kutolipa fedha nyingi ni jambo moja, na kutoandikiana chochote ni lingine. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi inaweza kueleza kwamba kikundi kimekubali kurekodiwa, kipindi kitarushwa na kituo hiki kwa muda fulani, kisitumike katika tangazo la biashara wala kuuzwa kwa kituo kingine bila kurudi kwa kikundi, na kikundi kitapewa nakala. Karatasi hiyo haina gharama. Isipokuwepo, picha zilizopigwa Manyoni kwa ajili ya kipindi cha utamaduni zinaweza kuonekana miaka 5 baadaye zikiuza simu, na mwenye mkono unaopiga ngoma hatakuwa na la kuonyesha.

Hata wasanii wa mjini, wenye majina, wamejifunza jambo hili kwa taabu. Kundi la Ze Comedy lililokuwa likitamba EATV lilipohamia TBC1 mwaka 2008, liliingia katika mvutano kuhusu nani mwenye jina, na Watanzania wakaanza kulijua kama Orijino Komedi. Hao walikuwa watu wenye mashabiki nchi nzima na waliokaa Dar es Salaam, karibu na wanasheria.

Kabati la kanda

Tulisema tutarudi kwenye kabati. Katika miaka ya 2000 vituo vingi vilitumia kanda ndogo za dijitali za dakika 60. Kanda mpya ilikuwa ghali kwa kituo cha mkoani, kwa hiyo kipindi kikisharushwa, kanda za uwanjani zilirudishwa kazini na kurekodiwa juu yake. Kilichobaki ni kipindi kilichohaririwa, pengine. Saa za ngoma ambazo hazikuingia katika dakika 24 zilifutwa na mkutano wa hadhara au mechi ya mpira. Hakuna aliyekusudia ubaya, bali kesho yake kulikuwa na kazi nyingine na kanda zilikuwa zile zile.

Zama za faili hazikuondoa tatizo, zimelibadilisha sura. Hesabu ni hii. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 22.5 kwa saa. Vikundi 3, dakika 40 kila kimoja, kwa kamera 2, ni saa 4 za picha, sawa na gigabaiti 90. Idara ikifanya hivyo kila wiki kwa mwaka mzima, itafikisha gigabaiti 4,680. Diski ngumu chache za kawaida zinaweza kubeba mzigo huo, lakini diski huharibika bila taarifa, na nakala moja ya kitu ni sawa na kutokuwa na nakala. Zinahitajika mbili, na ya pili isikae katika jengo lile lile.

Vijana wenye simu wameanza kuziba pengo. Ngoma ya harusi au ya mavuno hurekodiwa na kupandishwa mtandaoni kabla vumbi halijatulia. Serikali ilipoleta Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, aliyetaka kuendesha televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipa ada ya maombi ya sh 100,000, ada ya leseni ya sh milioni 1 na nyingine kama hiyo kila mwaka. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini kwa kijana wa Itigi au Kintinku zilikuwa zimeshasema jambo. Isitoshe, picha ya simu hubanwa kila inapotumwa, hadi ilimba inapotea kabisa na kubaki kelele. Kwa sababu hizo idara ya burudani ya kituo cha mkoani bado ina kazi ambayo simu haijaichukua: kufika na vipaza sauti, kukaa siku mbili, kuuliza, kuandika na kutunza.

Kuandika ndiko kunakosahaulika zaidi. Kanda au faili iliyopewa jina la "Ngoma Singida 3" haimfai mtu yeyote baada ya aliyeiandika kuacha kazi. Inayofaa ina jina la kijiji na kata, tarehe, jina la ngoma kama wenyewe wanavyolitamka, majina ya kiongozi na waimbaji kwa ridhaa yao, tukio lililokuwapo, na kama kuna sehemu ambayo wazee wamesema isirushwe. Ni kazi ya dakika chache kabla gari halijawashwa. Ifanywe pale pale, na mtu aliyekuwapo, wakati kiongozi wa ngoma bado amesimama karibu na anaweza kusahihisha herufi, kwa sababu mhariri wa Mwanza akisikia jina la Kigogo kwenye spika zake siku tatu baadaye ataliandika anavyodhani, na hivyo ndivyo litakavyobaki.